Kuchagua Rafadha Ifaayo Mashua Ndogo

Sisi tukaao Masieda, katika nchi ya Mbulu, ni watu wa jembe na mifugo. Ziwa Eyasi, lililo kule bondeni, ni la maji ya chumvi yenye kina kifupi, na mvua zikikosekana hupungua mno. Lakini Ziwa Babati si mbali sana nasi, na kijana wa kwetu aweza kupata kazi Mwanza au Tanga, akakabidhiwa mashua ya injini ya kutembeza watu. Siku moja rafadha itagonga jiwe na kuvunjika, naye ataambiwa akanunue nyingine. Je, achague ipi? Hilo ndilo tutakaloeleza katika mazungumzo haya.

Rafadha ni kile chuma chenye mabawa, kizungukacho majini nyuma ya mashua na kuisukuma mbele. Kazi yake yafanana na kazi ya parafujo. Ukizungusha parafujo katika ubao, kila mzunguko huingia ndani kiasi fulani. Rafadha nayo hujipenyeza majini vivyo hivyo, na kiasi kile cha kwenda mbele kwa mzunguko mmoja twaweza kukiita hatua yake.

Tazama rafadha yo yote, utaona imepigwa chapa ya namba mbili, kwa mfano 9¼ × 10. Namba ya kwanza ni upana wa duara lichorwalo na ncha za mabawa, yaani inchi 9 na robo. Namba ya pili ni hatua, yaani inchi 10. Rafadha hiyo ikizunguka mara 12 ingepasa kwenda futi 10 kamili. Lakini maji si ubao: huteleza na kukwepa, hata pengine mashua huenda futi 8 tu. Utelezi huo si kasoro. Hakuna rafadha isiyokuwa nao.

Sasa tutoe mfano. Tuseme mtu amenunua Tanga mashua yenye injini ya nguvu ya farasi 20. Baharini ilikwenda vizuri sana. Ameileta Ziwa Babati, nayo imekuwa nzito, injini yanguruma kwa taabu, na mashua haiinuki majini. Mwenyewe asema, "Injini imekufa," naye yu tayari kuuza ng'ombe anunue nyingine. Kumbe injini ni nzima! Ziwa Babati liko zaidi ya futi 4,000 juu ya bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, na injini haiwezi kuchoma petroli pasipo hewa ya kutosha. Kwa kila futi 1,000 za kupanda, injini hupoteza karibu sehemu 3 katika 100 za nguvu zake. Kwa hiyo farasi zaidi ya 2 wamepotea njiani, nayo rafadha ni ile ile ya pwani.

Mkulima ye yote wa kwetu atalifahamu jambo hili. Maksai wakiwa wamedhoofu, nawe ukalishindilia jembe la plau chini kabisa, watasimama. Ukiliinua kidogo, watalima mpaka mwisho wa shamba. Rafadha yenye hatua kubwa ni plau iliyozama chini: yafaa injini yenye nguvu na mashua nyepesi. Mashua ya watu wengi, au iliyo katika ziwa la juu, yataka hatua fupi.

Lakini asichague kwa kukisia, wala kwa kuiga ya jirani. Kwanza asome kitabu cha injini, aone ni mizunguko mingapi kwa dakika injini yapaswa kufikia ikifunguliwa kabisa. Tuseme kitabu chaagiza 5,000 hadi 6,000. Apakie mzigo wa kawaida, aende mahali peupe palipo salama, afungue moto wote, na kutazama saa ya mizunguko. Ikiwa yaonyesha 4,900, injini yaonewa. Kila inchi moja ya hatua ikipunguzwa, mizunguko huongezeka kama 150 hadi 200. Basi badala ya hatua ya inchi 10, achukue ya inchi 8, naye atapata kama 5,200 au 5,300. Lakini asipunguze kupita kiasi. Injini ikivuka 6,000 yajiumiza, kama mtu akimbiaye mteremkoni asiweze kujizuia.

Wengine hudhani kwamba rafadha iliyo kubwa zaidi ndiyo bora. Mwingereza mmoja, Francis Pettit Smith, alijifunza kinyume chake. Mwaka 1837 alikuwa akijaribu mashua yenye rafadha ya mti, iliyozunguka kama parafujo ndefu. Kipande chake kilivunjika safarini, na mashua, badala ya kusimama, ikaenda mbio zaidi! Kadhalika mabawa 3 huzitosha mashua nyingi ndogo. Mabawa 4 hushika maji vizuri zaidi mzigo ukiwa mzito, ila mara nyingi hupunguza mbio kidogo.

Hali kadhalika atazame madini yake. Rafadha ya alumini ni ya bei nafuu, nayo ikigonga jiwe hupinda au kuvunjika, na mara nyingi hivyo huiokoa injini. Ya chuma kisichoshika kutu ni imara, lakini ni ghali, na pigo lake laweza kufika hata kwenye meno ya ndani ya injini. Mahali penye mawe na visiki, alumini yatosha. Tena aende dukani na rafadha ya zamani mkononi, ahesabu meno ya tundu lake, maana isiyooana na shafti haifungiki.

Wakati wa kuifunga, kwanza azime injini na kuondoa waya wa plagi, ili isije ikawaka mikono ikiwa kwenye mabawa. Apake shafti grisi, akaze nati, kisha atie pini mpya ya kuizuia isilegee. Rafadha ya zamani, ikiwa yaweza kunyoshwa, aiweke chomboni kuwa akiba, pamoja na pini, koleo na makasia. Ziwa Babati lina viboko. Mashua iliyosimama katikati yake jua likizama, pasipo kasia, si matembezi tena.

Watu wa pwani husema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Nasi twaongeza kwamba vilivyoundwa vyataka mtu wa kuvipima. Kabla ya kuuza ng'ombe, soma zile namba mbili.