Santuri za muziki wa ala: soma maandishi madogo kwenye lebo

Leo siasa na mpira tuviweke pembeni kidogo. Tangu niliposema hapa kwamba nakusanya santuri za zamani, watu wamekuwa wakiniuliza maswali mawili. La kwanza, hivi kweli kijana wa leo ananunua santuri ya nini wakati nyimbo zote ziko kwenye simu? La pili, na hata kama ni kununua, mbona unachukua zile zisizo na mwimbaji? La kwanza sina jibu, ukipenda chongo utaita kengeza. Ila hilo la pili lina maneno, na kama umelipia nusu saa hapo kafe itakutosha kabisa.

Muziki ninaousema ni wa ala tupu, uliopigwa na okestra na bendi ndogo za Marekani na Ulaya, hasa kuanzia miaka ya 1950 mpaka mwanzoni mwa 1970. Wenyewe huuita launji, yaani muziki wa pale kwenye makochi ya hoteli. Watu wamekaa na vinywaji vyao, wanaongea, muziki upo lakini haumkatizi mtu stori. Wazee wetu wengine wanaujua bila kuujua, maana ni wa aina ileile iliyokuwa ikipigwa kwenye lifti na sehemu za mapokezi.

Kwa nini ulizaliwa wakati ule? Kwa sababu ya mashine. Santuri ya LP, ile kubwa ya inchi 12 inayozunguka taratibu, ilitoka Marekani mwaka 1948. Kabla ya hapo santuri upande mmoja ulikuwa unakwisha kwenye dakika tatu au nne, unainuka kugeuza. LP ikawapa watu zaidi ya dakika ishirini upande mmoja, kwa hiyo mtu akaweza kuweka muziki wa kusindikiza chakula cha jioni mpaka sahani zinatolewa mezani. Halafu kwenye 1957 na 1958 zikaanza kuuzwa santuri za stirio. Sasa baba mwenye nyumba kanunua spika mbili mpya, anataka majirani wasikie kwamba ngoma inatokea kushoto na filimbi kulia. Kampuni zikamtengenezea muziki wa kuringia spika: marimba, bongo, kengele, mpaka sauti za ndege.

Za ndege sitanii. Martin Denny alikuwa anapiga piano kwenye baa ya hoteli huko Honolulu, Hawaii, baa yenye kidimbwi karibu. Vyura wakawa wanalia bendi ikipiga, wanamuziki wake wakaanza kuigiza sauti za ndege kwa utani, wageni wakapenda. Santuri yake ya Exotica ilitoka 1957, na mwaka 1959 ikafika namba moja Marekani. Hapa kuna siri ya wakusanyaji: Exotica ya kwanza ilirekodiwa kwa mono. Stirio iliposhika kasi, Denny akairekodi upya yote mwaka 1958, na wakati huo Arthur Lyman aliyekuwa akipiga marimba ameshaondoka na kuanzisha bendi yake. Kwa hiyo mono na stirio hapo siyo swali la spika tu, ni bendi mbili tofauti ndani ya kava linalofanana. Kitu kama hicho kinanipa raha sana, sijui kwa nini.

Baadaye muziki huu ukadharauliwa. Miaka ya 1970 na 1980 vijana wa kule waliuona ni wa wazee, santuri zikaishia kwenye maduka ya vitu vilivyotumika kwa bei ya karanga. Ni mpaka miaka ya 1990 wakusanyaji walipoanza kuzitafuta, na mwaka 1996 kampuni ya Capitol ikatoa mfululizo wa sidii ulioitwa Ultra-Lounge. Lakini hata leo santuri nyingi za aina hii ni rahisi, kwa sababu moja tu: zilichapwa nyingi mno. Mpiga jazi maarufu santuri yake ya kwanza itakugharimu kodi ya chumba. Mwenye okestra ya vayolini utampata kwa pesa ya chipsi kuku.

Sasa tuje kwenye santuri yenyewe inayonifanya niandike haya. Inaitwa A Swingin' Safari, ya Mjerumani Bert Kaempfert, lebo ya Polydor, mwaka 1962. Kaempfert alizaliwa Hamburg mwaka 1923. Huenda jina hulijui lakini kazi yake unaijua: ndiye aliyetunga muziki wa Strangers in the Night ambao Frank Sinatra aliuimba 1966, na ndiye aliyewasimamia Beatles studio mwaka 1961 huko Hamburg, kabla dunia haijawajua. Polydor nayo siyo ngeni kwetu. Mkusanya santuri za dansi za Nairobi za miaka ya 1970 ameiona lebo hiyo mara nyingi.

Jina la santuri lina neno letu, safari. Ila ukiiweka hausikii Pwani wala bara letu hili la Mashariki hata kidogo. Unasikia kwela, muziki wa mitaani wa Afrika Kusini uliokuwa ukipigwa na vijana kwa filimbi za bati. Kaempfert aliuchukua mwendo ule, akaweka filimbi zake safi za studio, tarumbeta kwa juu, na lile gitaa la besi linalodonoa "tik tik tik" kama kuku anakula mtama, ambalo ndilo lilikuwa saini ya okestra yake. Ni muziki mtamu, sikufichi. Naupiga Jumapili asubuhi nikifua nguo.

Sasa chukua santuri yoyote ya LP, usiangalie kava, angalia karatasi ya duara iliyobandikwa katikati. Chini ya kila jina la wimbo, kwa herufi ndogo za kuumiza macho, kuna jina kwenye mabano. Huyo ndiye mtunzi. Kwa sheria za hakimiliki, santuri ikiuzwa mtunzi ana fungu lake hata kama aliyepiga ni mtu mwingine wa bara jingine. Kwa hiyo lile jina siyo pambo. Ni kama hati ya kiwanja: asiyeandikwa humo atajenga na kupanda miti, lakini siku ya kulipana hayupo.

Santuri hii ya Kaempfert ina nyimbo 12, na mle ndani kuna Waafrika watatu ambao hawakupiga hata noti moja kwenye rekodi ile.

Wa kwanza ni Guy Warren, mpiga ngoma wa Ghana. Wimbo unaoitwa That Happy Feeling ni wake. Naye alizaliwa 1923, mwaka mmoja na Kaempfert, mmoja Accra na mwingine Hamburg. Alikwenda Marekani miaka ya 1950 na mwaka 1956 akarekodi Africa Speaks, America Answers kwa kampuni ya Decca. Humo kulikuwa na wimbo wake Eyi Wala Dong, na huo ndio Kaempfert aliougeuza. Warren baadaye alijiita Ghanaba, akafariki 2008. Na ukitaka kuchekeshwa na biashara, Marekani santuri yote ya Kaempfert iliuzwa kwa jina la wimbo huu wa Mghana, siyo kwa jina la safari.

Wa pili ni August Musarurwa, mpiga saksafoni wa Zimbabwe, enzi hizo Rhodesia ya Kusini. Wimbo wake ni Skokiaan. Hilo ni jina la pombe haramu ya kienyeji, kwa hiyo hebu piga picha: wazungu na suti zao wanakunywa divai huku okestra inapiga wimbo unaoitwa Gongo! Musarurwa aliurekodi na bendi ya wafanyakazi wa kampuni ya kuhifadhi nyama, na mwaka 1954 ukalipuka Marekani, kila bendi ikataka toleo lake, Louis Armstrong akiwemo. Armstrong alipozuru Rhodesia mwaka 1960 alikutana na Musarurwa mwenyewe. Lakini tafuta santuri za Skokiaan za 1954 uone walivyoandika jina: "Msarurgwa". Mtu kautembeza wimbo dunia nzima na jina lake halijaandikwa sawasawa.

Wa tatu ndiye anayeniuma. Wimbo unaitwa Wimoweh. Hilo siyo neno la lugha yoyote. Ni Mwamerika aliyesikia santuri ya Kizulu akaandika alivyosikia. Wimbo wenyewe ni Mbube, yaani simba, wa Solomon Linda, aliourekodi na kundi lake la Evening Birds huko Johannesburg mwaka 1939. Haki zake aliziuza kwa shilingi kumi. Ulipofika Marekani, kundi la Weavers likaurekodi, na kwenye mabano likawekwa jina Paul Campbell. Huyo Paul Campbell hakuwepo duniani, lilikuwa jina la bandia walilotumia Weavers. Mwaka 1961 kundi la Tokens likautoa kwa maneno mapya, The Lion Sleeps Tonight, na mwaka 1994 ukaingia kwenye filamu ya The Lion King, ambayo wengi wetu tumeiangalia tukiwa watoto.

Solomon Linda alifariki 1962, maskini. Mwaka uleule wa santuri yangu hii.

Familia yake ilikwenda mahakamani mwaka 2004. Walisimamia sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1911, iliyokuwa ikitumika makoloni, inayosema kwamba miaka 25 baada ya mtunzi kufa haki zinarudi kwa warithi wake. Mwaka 2006 wakafikia makubaliano, wakalipwa ya nyuma na kupewa fungu la yanayokuja. Miaka 67 tangu studio! Watoto wake walikuwa wameshakuwa watu wazima.

Je, niitupe santuri? Hapana. Kaempfert alipanga muziki vizuri, na mtu asiyejua kwela anaweza kuifikia kwela kupitia kwake. Ninachokataa ni kukusanya kwa kuangalia kava zuri la mdada na machweo halafu basi. Afro-Desia ya Martin Denny ya 1959, kwa mfano, kwangu mimi ni Afrika ya kuotea usingizini, na nasema hivyo kila nikiipiga.

Haya, kwa anayetaka kuanza. Ulizia kwa wazee wenye zile redio kubwa za mbao zenye mahali pa kupigia santuri, mara nyingi santuri zimelala humohumo. Ukiwa Nairobi pita Kenyatta Market, pamejulikana kwa santuri miaka mingi. Kabla hujatoa hela itoe kwenye kava uiinamishe kwenye mwanga: michirizi unayoiona kwa macho siyo lazima isikike, lakini unaoukwaruza kwa ukucha utasikika tu. Itazame kwa ubavu kama imejikunja. Joto letu la Dar ni adui, kwa hiyo zisimamishe kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine, na kamwe usiache moja kwenye gari juani. Vumbi na ukungu vioshe kwa maji na sabuni kidogo, kitambaa laini, ukifuata mzunguko, na ile karatasi ya katikati isiguse maji. Ikilowa, majina yote haya niliyoyasema yanafutika.

Na wewe usiye na santuri wala pleya, hapo ulipo kafe vaa hedifoni, tafuta Mbube ya Evening Birds ya 1939, kisha Wimoweh ya Kaempfert, usikilize zikifuatana. Halafu kama nyumbani kwa babu kuna LP yoyote ya muziki wa ala, niandikie hapo chini jina lililo kwenye mabano. Kava sina shida nalo.