Makazi Mapya na Ardhi Iliyodharauliwa

Mwenye kuanza makazi mapya shambani huwa na haraka mbili: haraka ya nyumba na haraka ya mavuno. Ya kwanza ina udhuru, kwani watoto hawalali mvuani. Ya pili imewapotezea wengi mali zao, maana hupanda kile nafsi inachokitamani kabla ya kujua udongo unakubali nini.

Tutazame habari ya bluberi, tunda dogo la buluu litokalo Marekani ya Kaskazini. Zamani watu waliliokota porini tu. Waliojaribu kulipanda bustanini walishindwa, kwa kuwa waliupa mmea wake udongo ule ule unaofaa mimea mingine. Mwaka 1910 mtaalamu Frederick Coville alitangaza kwamba mmea huo hutaka udongo wenye tindikali. Elizabeth White, binti wa mkulima wa New Jersey, alisoma maneno hayo akamwandikia mwaka 1911. Kisha akawalipa wenyeji wa misitu ya misonobari wamtafutie vichaka vyenye matunda makubwa, na mwaka 1916 wakauza mavuno yao ya kwanza. Mchanga uliodharauliwa ukawa na thamani.

Leo bluberi hulimwa hata katika nyanda za juu za Kenya. Basi kijana mwenye kuitaka na aupime udongo kwanza: kipimo cha pH kiwe baina ya 4.5 na 5.5, karibu na udongo upendwao na michai. Asimwage hapo majivu ya jikoni wala chokaa, kwani huondoa tindikali. Mizizi yake ni myembamba, nayo haiendi chini sana. Hivyo ifunikwe kwa maranda ya mbao, ipate maji mara kwa mara, wala maji yasituame. Apande aina mbili, zipate kupeana chavua. Maua ya mwaka wa kwanza yaondolewe ili mche upate nguvu.

Mavuno kamili hungoja miaka kadhaa. Kwa hiyo mume na mke washauriane: sehemu ya shamba iwe ya mboga na maharagwe ya kulisha nyumba, wala wasitie akiba yote katika miche, sembuse fedha za kukopa kwa riba.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, zaka ya matunda ni juu ya tende na zabibu, bluberi haimo. Lakini mlango wa sadaka haufungwi. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, mnyama au ndege, huandikiwa sadaka. Basi jirani apelekewe bakuli lake, na ndege akidonoa tunda mawili matatu, mwenye shamba asihesabu kuwa ni hasara tupu.

Wabillahi taufiki.