Mbongwana Star: waimbaji wawili wa Kinshasa waliotaka kusikilizwa kuliko kuhurumiwa

Mwezi Mei 2015, kampuni ya muziki ya World Circuit ya London ilitoa albamu ya nyimbo 10 yenye jina "From Kinshasa". Kundi lililoipiga, Mbongwana Star, lilikuwa jipya, lakini waimbaji wake wawili wa mbele walikuwa wanajulikana tayari: Yakala Ngambali, anayeitwa Coco, na Nsituvuidi Nzonza, anayeitwa Theo. Wote wawili walipatwa na polio na hutumia viti vya magurudumu. Mwaka 2013 walikuwa wameacha kundi lililowapatia jina duniani, wakaanza upya.

Kundi hilo la kwanza ni Staff Benda Bilili. Lilikuwa la wanamuziki wenye ulemavu waliokuwa wakifanya mazoezi kando ya bustani ya wanyama ya Kinshasa, juu ya baiskeli za magurudumu matatu. Pamoja nao alikuwa kijana Roger Landu, aliyejitengenezea satonge, chombo cha uzi mmoja kilichotokana na kopo la bati. Mwaka 2009 walitoa albamu "Très Très Fort", na mwaka uleule wakapata tuzo ya WOMEX. Mwaka 2010, filamu "Benda Bilili!" ya Wafaransa Renaud Barret na Florent de la Tullaye ilionyeshwa Cannes, na watu wa Ulaya wakajaa kwenye kumbi kuwaona.

Kwa mkaaji wa Goma, baiskeli hizo si kitu kigeni. Kwa miaka mingi watu wenye ulemavu wamevusha mizigo kwa baiskeli za namna hiyo kwenye mpaka wa Petite Barrière, kati ya Goma na Gisenyi. Kinshasa pia, wenzao walifanya biashara ya kuvuka mto kwenda Brazzaville kupitia Beach Ngobila. Ni kazi ya nguvu na akili, na anayeiona kila siku hashangai.

Mbele ya kamera za kigeni mambo yalikuwa mengine. Hapo kiti kilionekana kwanza, na wimbo ukafuata. Kwa Kilingala, "benda bilili" ni mwito wa kutazama kilicho nyuma ya sura ya nje. Lakini kadiri sifa zilivyoongezeka, ndivyo wengi walivyozidi kuizungumzia miguu ya wanamuziki na kuisahau sauti yao.

Coco na Theo hawakuwa vijana tena walipoondoka. Wangeweza kuendelea na hadithi iliyokuwa ikijaza kumbi. Badala yake walichagua jina "mbongwana", yaani mabadiliko, wakaingia studio na vijana wa Kinshasa pamoja na Liam Farrell, anayejulikana kama Doctor L. Huyu ni mpiga ngoma na mtayarishaji kutoka Ireland anayeishi Paris. Mwaka 1999 alikuwa amefanya kazi na Mnigeria Tony Allen kwenye albamu "Black Voices".

Walichokitoa ni vigumu kukipa jina moja. Wengine wamekiita rock ya majaribio, wengine punk, wengine muziki wa elektroniki. Gitaa la besi limevimba mpaka linakwaruza, ngoma zinagonga kwa haraka, na sauti za waimbaji zinapita katika mwangwi kama zinatoka kwenye bafle lililopasuka. Katika rumba iliyozoeleka, kazi ya studio ni kusafisha: kila gitaa lisikike peke yake, kila neno lieleweke. Hapa uchafu wa sauti uliachwa kwa makusudi. Anayeijua Kinshasa ataitambua mara moja: bar mbili zinazotazamana, kila moja na mabafle yake, kanisa lililofungua mikro mpaka mwisho, jenereta, honi na wauzaji.

Hata hivyo rumba haikutupwa. Chini ya kelele hizo, Coco na Theo wanaitikiana kama waimbaji wa orkestra za zamani. Katika "Coco Blues" mwendo unapungua, na sauti ya mtu mzima inabaki karibu peke yake. Wimbo "Shégué" umepewa jina la watoto wa mitaani wa Kinshasa, wale ambao Goma na Bukavu wanaitwa maibobo.

Wimbo unaoonyesha vizuri zaidi mizizi ya albamu ni "Malukayi", ambao ulipigwa pamoja na Konono No. 1. Mwanzilishi wa kundi hilo, Mingiedi Mawangu, alifariki Aprili 2015, wiki chache mbele ya albamu kutoka. Ndiye aliyechukua likembe, akaiunganisha na umeme kwa sumaku za vyuma vya magari, ili isikike juu ya kelele za mji.

Jambo hilo linasaidia kujibu swali ambalo albamu hii inaliamsha: je, ni muziki wa Kinshasa, au ni Kinshasa kama inavyotakiwa Ulaya? Kampuni ni ya London, mtayarishaji anaishi Paris, na jina la albamu ni la Kiingereza. Swali ni la haki. Lakini ile sauti ya kukwaruza haikuletwa na mgeni ndani ya sanduku. Mingiedi aliitafuta Kinshasa, na vyuma vibovu ndivyo vilivyokuwa mkononi mwake. Doctor L aliikuta, akaikuza.

Kilichobaki bila jibu ni soko. Mwanamuziki wa Congo anayetoka kwenye njia ya rumba na ndombolo bado anategemea kampuni, viza na kumbi za ng'ambo ili aishi kwa kazi yake. Kundi la KOKOKO!, la Kinshasa pia, ambalo hupiga vyombo vilivyotokana na vitu vilivyotupwa, lilipitia njia hiyohiyo kwa albamu yake "Fongola" ya mwaka 2019. Kijana wa Bukavu au Lubumbashi anayejaribu sauti mpya anakutana na ukuta huohuo, na mara nyingi hana hata filamu ya kumfungulia mlango.

Coco na Theo walikuwa na mlango uliofunguka, wakauacha. Albamu yao inastahili kupimwa kama walivyotaka, kwa masikio. Ambaye hajaisikia aanze na "Malukayi", na kama inawezekana, kwenye bafle kubwa. Simu ndogo haitabeba ile besi.