NENO LA LEO: RISITI

Leo tusome neno moja fupi: ri-si-ti. Tunalisikia dukani Wete, sokoni Chake Chake na kwenye vituo vya kununulia karafuu. Je, maana yake nini?

Risiti ni karatasi inayothibitisha kwamba fedha au mali imepokelewa. Neno hili tumelichukua kwa Waingereza. Waingereza nao walilipata kwa Wafaransa, na asili yake ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Maana yake ni "kilichopokelewa". Waingereza huliandika kwa herufi p ndani yake, lakini hawaitamki! Sisi hatuna taabu hiyo. Twaandika kama tusemavyo.

Wazee wetu walikuwa na neno jengine, stakabadhi, lenye asili ya Kiarabu. Hilo ni ndugu wa neno kabidhi. Basi maneno haya mawili yametoka nchi mbalimbali, lakini yote yanahusu kupokea.

Sasa tutazame kazi yake. Mzee mmoja alinunua mabati kwa fedha za karafuu. Alilipa, akapewa risiti, akaiacha pale pale juu ya meza. "Mwanangu, mie nawe twajuana," alisema. Aliporudi na gari kuyachukua, alimkuta muuzaji mwengine. "Mzee wangu, risiti i wapi?" Mzee hana. Wala si kwamba hakujua kusoma. Alikuwa amehitimu darasa letu mwaka ule ule. Mabati hakuyapata siku ile, na mvua za masika hazikumngoja.

Kwa hiyo ukipewa risiti, usiondoke kabla ya kusoma mambo matano:

1. Tarehe.
2. Jina lako.
3. Kitu gani, na kiasi gani.
4. Jumla ya fedha.
5. Saini au muhuri.

Nawe piga hesabu. Tuseme umeuza kilo 12 za karafuu, kila kilo shilingi 10,000. Jumla ni shilingi 120,000. Ukiona imeandikwa 102,000, sema pale pale. Kesho utakuwa umechelewa.

Halafu itie risiti ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na panya na mvua. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

ZOEZI: Tafuta risiti moja nyumbani kwako. Wasomee wenzako kwa sauti. Je, mambo yote matano yamo?