Maji ya Mifukoni Kando ya Kitanda cha Mgonjwa wa Figo

Wako miongoni mwenu waliokwisha kusimama mlangoni pa wadi ya wagonjwa mahututi wakamwona mama yao amezungukwa na mifuko mikubwa ya maji, mmoja ukipungua na mwingine ukijaa maji ya manjano. Hutuuliza: vipi ajazwe maji mtu aliyekwisha kuvimba? Swali ni la haki, na anayeombwa kutia sahihi anastahili jibu.

Figo huweza kusimama ghafla, kwa maambukizi yaliyoenea katika damu, au kwa mzazi aliyetokwa na damu nyingi. Shinikizo la damu likiwa chini, mgonjwa huenda asihimili usafishaji wa kawaida wa saa nne. Basi damu husafishwa polepole, usiku na mchana. Njia hii ilianzia Ujerumani mwaka 1977, kwa daktari Peter Kramer wa Göttingen.

Damu hupita ndani ya vijirija vyembamba mithili ya nywele, na maji ya kusafishia hupita nje yake. Kina mama mwalijua jambo hili jikoni: nguru wa chumvi akilowekwa, chumvi humtoka ikaingia majini, lakini maji yakiwa na chumvi sawa na yake, haitoki. Ndiyo maana sodiamu ya mfukoni hukaribiana na ya damu, isipotee. Potasiamu iliyozidi huweza kuusimamisha moyo, kwa hivyo huenda ukatundikwa kwanza mfuko usio nayo. Ikishuka, huletwa mfuko wenye nayo, kwani kupungua mno nako kwadhuru moyo. Bikaboneti huondoa ukali wa asidi. Hiyo huwekwa chumba chake mfukoni, mbali na kalisiamu, maana zikikaa pamoja muda mrefu huganda mfano wa chokaa. Mwuguzi akiuminya mfuko kabla ya kuutundika, anazichanganya.

Yako pia maji ya badala, yaingiayo katika damu yenyewe kufidia yaliyochujwa.

Kipimo cha kawaida ni mililita 20 hadi 25 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Mama wa kilo 60, kwa kipimo cha 25, hutumia lita 36 kwa siku: zaidi ya mifuko saba ya lita tano. Hazibaki mwilini! Yaingiayo na yatokayo hupimwa, na aliyevimba hutolewa zaidi ya anachopewa.

Kichujio hakichagui, lakini. Huondoa na fosfati na baadhi ya viuavijasumu, ndipo damu ikapimwa mara kwa mara na dawa zikarekebishwa. Mgonjwa pia huweza kupoa mwili, kwa kuwa damu yake inazunguka nje. Mkimgusa akawa baridi, mwambieni mwuguzi, msianze kulia.

Limebaki la heparini, dawa ya kuzuia damu isigande kichujioni, ambayo kwa kawaida hutolewa katika matumbo ya nguruwe. Badala yake iko sitreti, ingawa aliye na ini dhaifu huenda isimfae, na wengine husafishwa bila dawa hiyo kabisa. Daktari akisema hapana budi ila heparini, dharura ya kuokoa nafsi yairuhusu, wala sisi hatuoni shaka. Mwulizeni mapema, kabla mashine haijafungwa, si usiku wa manane simu zetu zikilia.