Maagizo ya Waziri Madison

Zamani serikali haikuweza kusema na mjumbe wake wa ng'ambo ila kwa barua, nayo barua ilikwenda kwa merikebu ya matanga, kwa kadiri ya upepo.

Katika mwaka 1803 James Madison alikuwa waziri wa Marekani wa mambo ya nchi za nje. Wakulima wa bara waliteremsha mazao yao kwa mto Mississippi hata New Orleans. Lakini mwezi wa Oktoba 1802 walikatazwa kuyaweka katika bandari ile. Basi tarehe 2 Machi Madison aliwaandikia maagizo Robert Livingston, aliyekuwa Paris, na James Monroe, aliyekuwa karibu kusafiri: wanunue mji ule na nchi ya Florida, na bei isifike dola milioni 10.

Tarehe 11 Aprili, Monroe hajafika Paris bado, Talleyrand, waziri wa Ufaransa, akamwuliza Livingston, Je, mtatoa nini kwa Louisiana yote? Neno hilo halikuwamo katika maagizo. Wafanyeje? Kumwuliza Madison na kungoja jibu ni kazi ya miezi, na huenda Napoleon akageuza nia.

Wakakubali, kwa dola milioni 15. Mkataba ni wa tarehe 30 Aprili. Tarehe 13 Mei wakamwandikia Madison kumweleza sababu ya kupita amri yake. Habari zilifika Washington tarehe 3 Julai, naye Madison akawajibu mwezi uo huo kwamba wamefanya vema. Na Florida, waliyotumwa kuinunua? Ilibaki mikononi mwa Wahispania.