Gari la Daraja la Juu Katika Daraja Mbili

Miezi mitatu imepita tangu niliponunua gari ninaloliendesha, na kwa kuwa wanafunzi wangu, walimu wenzangu na majirani wa hapa Daraja Mbili mjini Kisii hawajachoka kuniuliza habari zake, nimeonelea heri niwajibu wote kwa pamoja katika ukurasa huu. Ni gari la Kijerumani, la injini ya dizeli ya lita mbili, lililotumika ng'ambo miaka kadhaa kabla ya kushushwa Mombasa, maana sheria yetu hairuhusu kuingizwa nchini gari lililozidi umri wa miaka minane tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Jina la kampuni iliyoliunda sitalitaja, kwa kuwa safu hii si mahali pa matangazo. Itoshe kusema kwamba ni miongoni mwa yale yanayoitwa magari ya daraja la juu, na kwamba mkopo wa chama cha akiba na mikopo utanikaa shingoni kwa miaka minne.

Nimelitumia neno "daraja" kwa makusudi. Msomaji aliyesoma sarufi huenda amewahi kutabasamu alipoliona jina la soko letu, kwa kuwa Kiswahili sanifu kingetaka "Madaraja Mawili", nomino hii ikiwa katika ngeli ya LI-YA. Lakini waliolipa soko jina hawakuwa katika chumba cha mtihani, na jina la mahali halisahihishwi kwa kalamu nyekundu. Lililo muhimu zaidi ni kwamba neno lenyewe, ambalo asili yake ni Kiarabu, lina sura mbili. Daraja ni kile kipitacho juu ya mto kikaziunganisha ng'ambo mbili. Na daraja ni cheo, ile ngazi inayowatenga watu, huyu juu na yule chini. Katika miezi hii mitatu nimezionja maana zote mbili.

Kabla ya kulimiliki gari hili nilisafiri kama wasafirivyo wengi katika nchi ya Gusii: kwa bodaboda siku za haraka, na kwa Probox siku za mvua, tukiwa tumebanana watu wanane katika gari lililoundiwa watano. Humo hamkuwa na cheo. Salamu ya "Bwakire" ikitolewa na mmoja iliitikiwa na wote. Mama aniuziaye chinsaga na managu sokoni aliniita "Mwalimu", na tulipobishana juu ya bei alinijibu waziwazi bila kunihofia. Wiki ile ya kwanza niliposimamisha gari kando ya meza yake na kushusha kioo, aliniita "Mheshimiwa", jina ambalo kwetu huwaendea wabunge na wawakilishi wa wadi. Na mkungu wa ndizi, ambao jirani yangu aliyekuja kwa miguu aliuziwa kwa shilingi 400, mimi niliambiwa ni 600. Sikukasirika. Mtaalamu wa isimujamii ataipata wapi maabara bora kuliko hiyo?

Kiswahili kina ulimi mkali kuhusu magari ya wakubwa tangu zamani. Katika miaka ya 1960, baada ya uhuru, lilienea neno "Wabenzi". Tazama ustadi wake: kiambishi kilekile cha wingi wa watu kinachotupatia Wakisii, Waluo na Wamaasai kikabandikwa kwenye jina la gari, na papo hapo likazaliwa kabila lisilo na nchi wala mila, ila kiti cha nyuma. Ndugu zetu wa Tanzania nao wakayaita magari makubwa ya fahari "mashangingi", neno ambalo awali lilimsema mwanamke mjanja apendaye makuu. Ama Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858 na kutoweka melini Septemba 1913 akielekea Uingereza, yeye hakupata hata heshima ya ngeli ya A-WA. Jina lake liligeuzwa nomino ya kawaida, likatiwa katika I-ZI, nasi twasema "dizeli imepanda" bila kumkumbuka.

Tuliangalie gari lenyewe. Dizeli niliyoizoea utotoni ni ile ya mabasi na malori, iliyopanda vilima vyetu ikikohoa na kuacha wingu jeusi ambalo sisi watoto tuliokwenda shule kwa miguu tulilipita tumeziba pua kwa sweta. Ijapokuwa Mercedes-Benz walionyesha gari dogo la abiria la dizeli, lile la 260 D, mjini Berlin tangu mwaka 1936, kwetu wazo la dizeli na starehe katika chombo kimoja lilikuwa kama wazo la punda na kinanda. Gari hili limenifunza vingine. Ukiwa ndani, injini huisikii ila kwa kuisikiliza. Kioo kikipandishwa, kelele za sokoni hukatika kama redio iliyozimwa.

Mlimani ndipo sifa yake inapoonekana hasa. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hewa peke yake hushindiliwa ndani ya silinda hadi ujazo wake upungue mara 15 au zaidi, ikapata joto kali kiasi kwamba mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Walimu wa fizikia mtaniwia radhi kwa kuingia shamba lenu bila hodi. Matokeo yake ni kani kubwa ya kuzungusha magurudumu hata injini inapokwenda polepole, na barabara ya kutoka Kisii kuelekea Keroka, ambayo huwatoa jasho madereva wa Probox, hili huipanda kama lisemaye "mlima uko wapi?" Kutoka hapa hadi Nairobi kupitia Narok ni takriban kilomita 300, nami nilitumia lita 20 tu. Mgala muue na haki yake mpe: ni chombo kilichoundwa na watu wanaoijua kazi yao.

Walakini kuna sehemu ya gari hili ambayo dereva haioni, haigusi wala haimstareheshi kwa lolote, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Chini ya gari, kwenye njia ya moshi, mna kichujio cha masizi. Kazi yake ni kuyanasa yale masizi meusi yasitoke nje, kisha kuyachoma. Ili yaungue sharti kichujio kipate joto kali, na joto hilo halipatikani kwa safari za kutoka Daraja Mbili hadi darasani na kurudi. Wiki ya sita taa ya manjano iliwaka mbele yangu. Kitabu cha maelezo kilinielekeza niliendeshe gari kwa mwendo mzuri kwa muda wa kutosha barabara kuu. Kwa hiyo nilitoka nyumbani bila shughuli yoyote, nikaenda Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira, nikageuza, nikarudi. Taa ilizimika. Mke wangu aliniuliza nimeleta nini. Nikamwambia nilikwenda kuchoma masizi.

Pamoja na kichujio hicho kuna tangi dogo la kimiminika cha yurea, asilimia 32.5 yurea na iliyobaki maji safi yaliyoondolewa madini, kinachonyunyiziwa moshi ili kuivunja gesi ya oksidi za nitrojeni. Kikiisha kabisa na injini ikazimwa, gari halikubali kuwaka tena. Jirani yangu mkulima wa mahindi alicheka hadi akashika ubavu. "Yaani, Daktari, hata gari lako linakula mbolea?" Nilimsihi asinisaidie kwa gunia lake: yurea ya shambani si safi kiasi hicho, na ingeuharibu mtambo.

Nilipomweleza fundi mmoja wa hapa mjini habari za taa ile, hakusita. "Daktari, hii kitu inakula nguvu ya injini. Tuitoe, tuiambie kompyuta isahau, na gari itaruka." Alinitajia na bei, ambayo ni ndogo kuliko mkungu mmoja mmoja wa ndizi kwa mwaka mzima. Wateja wengi, alisema, wamefanyiwa hivyo na hakuna aliyerudi kulalamika. Namsadiki. Aliye ndani ya gari hana sababu ya kulalamika. Viti vya ngozi vinabaki, ukimya unabaki, nguvu inaongezeka na safari za Keroka zinakoma. Kinachoondolewa ni kile kilichowekwa kwa ajili ya mtu wa nje.

Na huyo mtu wa nje tunamjua. Ni mama wa chinsaga, ambaye meza yake iko karibu na barabara na pua yake iko kimo kimoja na bomba la moshi tangu alfajiri hadi jioni, pengine na mtoto mgongoni. Mnamo Juni 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Januari 2015 Kenya na jirani zake wa Afrika Mashariki wakaanza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, kutoka 500. Manufaa yake yalikuwa makubwa: salfa ikiwa nyingi vichujio kama changu huharibika mapema. Ndiyo kusema mafuta yaliboreshwa ili magari safi yaweze kuja, yakaja, nasi twayachafulia gereji.

Tusidhani ni ulaghai wa mafundi wetu peke yao. Septemba 2015 ilifichuka nchini Marekani kwamba kampuni ya Volkswagen ilitia katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua wakati gari linapopimwa. Likiwa kwenye kipimo, lilitoa moshi mpole. Likirudi barabarani, gesi ya oksidi za nitrojeni ilifikia hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Magari yapatayo milioni 11 ulimwenguni yalikuwa na programu hiyo. Walimu hawahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka huohuo mtihani wetu wa KCSE ulighubikwa na udanganyifu, hata Machi 2016 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, akaivunja bodi ya Baraza la Mitihani. Gari la kwanza linajua majibu siku ya mtihani tu. Mtahiniwa naye vivyo hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli, na wafanyabiashara wasio waaminifu wakayachanganya humo ili wajipatie faida, wakaharibu injini za watu. Mwaka 2018 serikali ikatoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kukiondoa kishawishi hicho. Mantiki yake naielewa, na mimi mwenye injini ghali ni mfaidikaji. Lakini tazama aliyelipa. Katika bei zilizotangazwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli Oktoba 2023, dizeli mjini Nairobi iliuzwa kwa shilingi 205.47 na mafuta ya taa kwa shilingi 205.06. Tofauti haikufika nusu shilingi. Mwenye koroboi na stovu alinunua lita yake kwa bei ileile ninunuayo mimi mwenye gia tisa, ili mimi nisiuziwe dizeli chafu. Baada ya yote hayo, nikitoa kichujio, nitamtilia na masizi mezani mwake.

Kanuni za kulinda ubora wa hewa tunazo tangu mwaka 2014. Ila sijawahi kumwona mtu yeyote hapa Kisii akisimamishwa barabarani kwa sababu ya rangi ya moshi wake, ilhali nimewaona wengi wakisimamishwa kwa sababu nyingine ambazo msomaji anazifahamu. Kipimo chenyewe si kigumu. Siku moja nilileta kitambaa cheupe chuoni, nikawaambia wanafunzi wachache wakiingize katika bomba la gari langu lililokwisha kupoa na kulisugua ndani. Kilitoka karibu kama kilivyoingia. Wakakipeleka kwenye gari jingine la dizeli lililoegeshwa hapo, la umri unaokaribiana na langu, ambalo mwenyewe aliwaruhusu huku akicheka. Kilitoka cheusi kama sufuria ya kijijini. Mwenyewe akaacha kucheka, akasema alilinunua hivyo hivyo. Yawezekana. Walimu wa sayansi katika shule zetu wanaweza kulifanya zoezi hilo asubuhi moja bila bajeti, nao wanafunzi wakaandika insha ya Kiswahili juu ya walichokiona, jambo ambalo mimi ningelisahihisha kwa furaha.

Fundi yule tulikutana tena wiki iliyopita. Nilimwambia kichujio kitabaki. Akatikisa kichwa, akasema, "Sawa, Daktari, lakini mafuta ya kwenda Keroka ni yako." Ni kweli, ni yangu, yanafika kama lita nne kila wiki ya pili, na nimeyaingiza katika hesabu ya gari pamoja na bima na tairi. Tangu mwezi jana siendi mtupu. Walimu wawili wa shule ya msingi ambao kwao ni upande wa Nyamira huningoja kituoni Ijumaa ya zamu, pamoja na mama wa chinsaga akiwa na magunia yake, maana hununua mboga huko. Humo garini ameanza tena kuniita "Mwalimu". Bei ya ndizi bado ni 600.